Fika kabla ya kijiko: namna ya kupiga picha mtaa unaovunjwa, kutoka Kariakoo, Magomeni na Jangwani

Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, leo, katikati ya maghorofa mawili marefu bado utaikuta nyumba moja ya chini, ya bati: mlango katikati, dirisha kila upande, baraza mbele. Ndani kuna korido, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha unatokea uani penye karo, choo na jiko. Mtaa huu uliopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ulijaa nyumba za namna hiyo. Siku hizi mwenye kiwanja na mwenye fedha wanaingia ubia, nyumba inashushwa, ghorofa linapanda.

Magomeni nako Kota za zamani zilivunjwa, na kaya 644 zikasubiri karibu miaka kumi hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua maghorofa mapya Machi 2022. Bondeni Jangwani nyumba zimeondolewa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, wa kudhibiti mafuriko. Ni miji mitatu ndani ya mji mmoja, kila mmoja unavunjwa kwa sababu yake.

Wapiga picha wengi tunafika siku ya kijiko, yaani siku mashine ya kubomoa inapoingia. Nina picha nyingi za siku hizo: bati lililokunjamana, matofali, vumbi, mtu ameshika kichwa. Nikizitazama sasa siwezi kukwambia ipi ni ya Magomeni na ipi ni ya Jangwani. Kifusi hakina mtaa. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachokueleza hapa kinafanyika kabla nyumba hazijaguswa.

1. Chagua kipande kidogo, na uende mikono mitupu

Usiseme unapiga picha Kariakoo. Sema unapiga Mtaa wa Narung'ombe kutoka kona hii mpaka kona ile, au nyumba kumi zinazotazamana. Kipande cha nyumba kumi kinaweza kukuchukua miezi sita na bado kisikwishe.

Utajuaje panapokaribia kuvunjwa? Alama ya X nyekundu ukutani ni dalili ya mwisho, si ya kwanza. Kabla yake utaona vijana wa upimaji na vyombo vyao vya miguu mitatu, fremu za maduka zinaanza kufungwa moja moja, mwenye nyumba hakarabati tena bati linalovuja, na wapangaji wanaulizana vyumba vya Chanika na Kivule, pembezoni mwa jiji. Ukisikia mazungumzo hayo, anza.

Wiki ya kwanza usibebe kamera. Kaa kijiweni, kunywa kahawa na kashata, tazama wanaocheza drafti. Andika kwenye daftari: nani anafungua saa ngapi, muuza mkaa anapita lini, watoto wanatokea kona ipi wakitoka madrasa, kivuli cha ghorofa la jirani kinaifikia baraza saa ngapi. Hiyo ndiyo ratiba yako ya kazi.

2. Pita kwa mwenyekiti na kwa mjumbe

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa na barua fupi: jina lako, namba ya simu, unapiga nini, kwa muda gani, picha zitakwenda wapi. Mwenyekiti au mtendaji akishagonga muhuri, omba akupeleke kwa mjumbe wa eneo lako. Mjumbe ana thamani kuliko muhuri, maana yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina msiba, ipi ina kesi ya mirathi, na ipi usiisogelee mwezi huu.

Mimi niliwahi kuruka hatua hii. Niliingia mtaa mmoja wa bondeni na daftari na kamera shingoni, nikaanza kupiga milango yenye X. Haikupita nusu saa, mama mmoja akaanza kutoa vyombo nje: masufuria, godoro, cherehani. Alidhani mimi ni mtu wa mradi na kwamba kijiko kiko nyuma yangu. Nilimsaidia kurudisha vyombo ndani, nikaomba radhi, nikaenda kumtafuta mjumbe. Mtu anayeishi chini ya alama ya X hawezi kukutofautisha wewe na mthamini, yule anayekadiria fidia. Kazi ya kujitofautisha ni yako. Kwa sababu hiyohiyo usishuke mtaani kutoka kwenye gari la mkandarasi, hata kama amekupa lifti kwa wema.

3. Hodi, kisha maelezo, kisha kamera

Kupiga picha ya nyumba ya mtu ni kuingia nyumbani kwake, hata ukiwa umesimama barabarani. Mazungumzo yangu na bibi mmoja mwenye nyumba yalikwenda hivi:

"Hodi hapa. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu. Wewe ndiye yule wa picha aliyesemwa na mjumbe?"

"Ndiye mimi, bibi. Naomba kupiga picha ya baraza yako, na ukiniruhusu na wewe mwenyewe."

"Picha za kupeleka wapi?"

"Ya kwanza nakuletea wewe hapa, imesafishwa. Nyingine naiweka kwenye kumbukumbu ya mtaa. Usipotaka sura yako ionekane, napiga baraza peke yake."

"Basi ngoja nivae ushungi. Na hiyo ndoo iondoe."

Ndoo iondoe, ndiyo. Kuna wapiga picha watakaokwambia kwamba mtu akijiandaa picha inapoteza ukweli. Mimi sikubali. Mtu ambaye nyumba yake inavunjwa mwezi ujao ana haki ya kuchagua atakavyokumbukwa mbele ya nyumba hiyo. Mpige kama alivyotaka kwanza, umwoneshe kwenye kioo cha kamera, halafu kaeni muongee. Akishazoea atarudi kwenye shughuli zake, na ndoo itarudi mahali pake.

Akikataa, shukuru uondoke. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo ridhaa ya mtu si adabu tu. Iandike kwenye daftari: tarehe, jina analotaka litumike, na alichokubali. Kwa mtoto, ongea na mzazi au mlezi, hata kama mtoto mwenyewe anakurukia kamera akisema nipige mimi. Na yeyote anayekuja baadaye kusema futa picha yangu, ifute mbele yake.

4. Kamera na jua la Dar

Simu nzuri inatosha. Faida yake ni kwamba haitishi mtu, na inahifadhi tarehe na mahali bila wewe kuhangaika. Ukiwa na kamera, chukua lenzi moja tu ya milimita 35 au 28. Lenzi ndefu ya kuvuta watu kutoka mbali iache nyumbani. Ukitaka kumwona mtu karibu, msogelee.

Kikwazo kikubwa ni jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Saa 6 mchana uso wa mtu aliyevaa kofia unakuwa shimo jeusi na ukuta wa chokaa unakuwa karatasi tupu. Fanya kazi za nje kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, kisha kuanzia saa 10 na nusu jioni. Katikati ya hapo ingia ndani au kaa barazani kivulini, ambako mwanga unaorudi kutoka barabarani unaangaza nyuso vizuri kuliko flashi yoyote.

Ukipiga mlango kutoka nje, gusa sehemu angavu ya ukuta kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga kidogo. Giza la korido unaweza kulifungua baadaye, lakini ukuta ulioungua hauna dawa. Ndani ya korido fanya kinyume: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 1600 au zaidi, kasi ya shata isiwe chini ya 1/60 ya sekunde, na egemea ukuta ili mkono usitikisike. Sipendi flashi humo. Inafuta kile kinachoifanya korido iwe korido, yaani giza la katikati na nuru ya mlango upande mmoja na ya uani upande wa pili.

5. Picha ya kurudia

Ukifanya hatua moja tu kati ya hizi, ifanye hii. Chagua vituo vitano au sita vya kusimamia. Kila mwezi, tarehe ileile na saa ileile, simama palepale na piga picha ileile: lenzi hiyohiyo, kimo hichohicho, kamera ikiwa imelala sawa na ardhi.

Kosa la kawaida ni kuchukua alama kwenye kitu kitakachovunjwa. Ukisema nasimama mbele ya duka la mpemba, mwezi wa nne duka halipo na wewe umepotea. Tafuta kitu kinachobaki: kona ya msikiti, mfuniko wa chemba, nguzo ya kituo cha mwendokasi. Kariakoo, Msikiti wa Mtoro ni alama nzuri. Andika hatua ngapi kutoka kwenye alama hiyo, unatazama wapi, na ni kitu gani kinakaa ukingoni mwa picha kushoto na kulia. Siku ya kurudi, fungua picha ya zamani kwenye simu na ulinganishe kabla hujabonyeza.

Fikiria Soko la Kariakoo lenyewe, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege. Tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Aliyekuwa amelipiga kutoka kona moja kabla ya siku hiyo, akarudi kwenye kona ileile baada ya moto, akarudi tena uzio ulipowekwa na tena ujenzi ulipoendelea, leo ana kitu ambacho hakuna mpiga picha mahiri anayeweza kukitengeneza kwa siku moja.

Ongeza kituo kimoja cha juu. Mwombe mwenye ghorofa au mlinzi akupandishe paani. Kutoka juu utaziona nyua za nyumba za chini, miembe na miarobaini, na kutu ya mabati, mambo ambayo barabarani hayaonekani. Ukifikiria kutumia droni, kwanza fuata taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na upate kibali. Kwa nyumba kumi, paa la jirani linatosha.

6. Ingia ndani hadi uani

Wageni wa mtaa hupiga milango na madirisha. Maisha ya nyumba hizi yako koridoni na uani.

Nyumba moja niliyoipiga Magomeni ilikuwa na mita moja ya LUKU kwa wapangaji wa vyumba sita. Ilifungwa ukutani, hatua mbili tu kutoka mlango mkubwa. Chini yake, kwa mkaa, mtu aliandika namba 1 hadi 6 zikishuka, na mbele ya kila namba mistari midogo: mstari mmoja kila mpangaji akitoa elfu mbili zake za umeme. Chumba namba 4 kilikuwa nyuma mistari mitatu. Pembeni mtu mwingine, mwandiko mwingine, aliandika: "Anaumwa." Chini zaidi zilikuwepo namba za simu za fundi bomba, za muuza maji na za bodaboda wa usiku. Nilipiga ukuta ule kwa dakika arobaini: mzima kwa mbali, kisha nusu mita, kisha neno lile peke yake. Hakuna hati ya mradi yoyote itakayoandika kwamba watu wa nyumba ile walikuwa wakimlipia mwenzao umeme. Namba za simu nilizifunika kabla ya kuitoa picha kwa mtu yeyote.

Tafuta vitu vya namna hiyo. Jiwe lililolainika kwa kufulia. Ukuta wa jiko uliopakwa moshi miaka thelathini, na umbo jeupe mahali kikaango kilipokuwa kikining'inia. Kamba za nguo na mpangilio wake, maana kila chumba kina kamba yake. Mbuzi ya kukunia nazi, kibao kimepinda. Mwarobaini wa uani, ambao chini yake wametandikiwa mkeka wageni wa harusi na wa matanga. Kisha piga na mtu anayekitumia, mikono ikiwa kazini. Mpige mama ntilie saa 11 alfajiri anapowasha moto, wala usisubiri saa 7 wateja wamejaa.

Hapa kuna kazi nyingine ya lazima, isiyo na uzuri wowote. Mpigie mwenye nyumba picha za ushahidi: kila chumba kutoka kona mbili, choo, shimo la maji taka, uzio, kisima, kila mti. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja, pamoja na thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi ya muda na faida inayopotea. Mtu mwenye picha zenye tarehe, zilizopigwa kabla mthamini hajafika, anabishana akiwa na kitu mkononi. Mpe picha hizo zote siku hiyohiyo, bure. Mpangaji wapigie pia biashara yake, fremu yake, genge lake, kwa kuwa fidia ya jengo si yake na mara nyingi anaondoka na kitanda na jiko tu.

7. Siku ya kijiko

Nenda, lakini usiende ili ukapate machozi. Simama kwenye vituo vyako vya kila mwezi na piga kutoka hapo. Watu wakikwambia shusha kamera, ishushe, shika upande mmoja wa kabati, saidia kubeba. Nyumba ya jirani itakuwepo kwa saa moja zaidi.

Kaa mbali na mkono wa kijiko, na usiingie kwenye jengo lililokwisha kuguswa. Usiamini ukuta kwa kuwa bado umesimama. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25, na wengi wao walikuwa kwenye shughuli zao za kila siku. Funika mdomo na pua. Usibadilishe lenzi kwenye vumbi, na izungushie kamera khanga. Usielekeze kamera kwa askari bila kuzungumza kwanza na kiongozi wa mtaa aliyepo.

Ukimaliza, okota kwa ruhusa kipande kimoja kidogo: komeo, bamba la namba ya nyumba. Kipige nyumbani juu ya karatasi nyeupe.

8. Maelezo ya picha, usiku uleule

Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka mitano, ni picha ya nyumba fulani. Kabla hujalala andika mtaa, kona, tarehe, saa, nani yumo na kwa jina alilolikubali, walikuwa wakifanya nini, na neno moja alilolisema mtu. Andika kwa Kiswahili na kwa maneno yao: wakisema "uani", usiandike "sehemu ya nyuma ya jengo". Wakikiita kijiwe chao kwa jina, tumia jina hilo.

Mafaili yape majina kwa mwaka, mwezi, siku na mtaa, ili yajipange yenyewe. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na diski nyingine kwenye nyumba isiyo yako. Simu ikiibwa kwenye daladala, mtaa mzima usiende nayo.

9. Rudisha picha, na ufuate walikohamia

Safisha picha studio, saizi ya posta kadi, na umpe kila aliyepigwa. Bajeti yako ianze hapa, si kwenye lenzi. Mkiwa bado mna mtaa, fanyeni maonyesho palepale: kamba mbili za nguo kati ya baraza mbili, vibanio, picha hamsini, jioni ya Jumamosi. Kaa pembeni na daftari. Watu watakusahihisha. "Huyu hakuwa mpangaji, alikuwa mtoto wa nyumba." "Duka hili kwanza lilikuwa la baiskeli." Nusu ya maelezo yangu mazuri nimeyapata hivyo.

Baada ya kuvunjwa, omba namba na uwafuate. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa Mabwepande. Wengine leo wako Chanika, Mbagala, Bunju. Panda gari wanalopanda wao, na andika umebadilisha mara ngapi na nauli imefika ngapi, maana safari hiyo nayo ni sehemu ya habari. Ukifika, piga tena baraza, kama ipo. Piga jiko, kamba za nguo, na mahali alipotundika picha uliyompa.

Bibi aliyeniambia niondoe ndoo nilimkuta Chanika, kwa mwanawe. Picha yake ilikuwa juu ya kabati, imewekwa kwenye fremu ya plastiki. Aliishusha, akaisogeza karibu na macho, akanionesha pembeni alama ya maji ya mviringo kwenye saruji ya baraza, ambayo mimi sikuwahi kuiona.

"Hapa ndipo ilipokuwa inakaa ndoo," akasema. "Andika hiyo."

Nikaandika.